Milioni Moja kwa Shule Ndogo za Vijijini: Uchambuzi wa Kisa cha Wakfu wa Anna T. Jeanes

Kisa hiki ni cha zamani na wahusika wake wakuu ni watu wa historia, kwa hiyo majina yao yamebaki. Wazazi, wanafunzi na walimu wa kawaida wanaotajwa humu hawatambulishwi kwa majina wala kwa vijiji vyao. Nimewaandikia wale wanaokaa kwenye kamati za shule, bodi za wadhamini na ofisi za mashirika yanayotoa au kupokea misaada. Semina nyingi za usimamizi wa miradi hutufundisha kuandika bajeti na ripoti, lakini hazigusi swali linaloamua kila kitu: pesa ikishatoka mkononi mwa mtoaji, ni nani mwenye mamlaka ya kusema itumike vipi?

Kwa msomaji wa Kenya kuna sababu ya ziada ya kukisoma. Jina la Anna T. Jeanes, mwanamke wa Marekani aliyetoa milioni hiyo na ambaye alifariki akiwa mzee katika nyumba ya wazee huko Pennsylvania, lilibandikwa kwenye shule moja Kabete mwaka 1925 na likakaa pale zaidi ya miaka thelathini.

Usuli

Anna Thomas Jeanes alizaliwa Philadelphia tarehe 7 Aprili 1822, kitindamimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mama alifariki Anna akiwa bado mtoto mdogo. Familia ilikuwa ya dhehebu la Marafiki, yaani Waquaker, ambao wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanawajua kupitia misheni ya Kaimosi, ingawa tawi la akina Jeanes lilikuwa jingine. Marafiki wa Philadelphia walikuwa na historia ndefu ya kupinga utumwa, na pia desturi ya kuishi bila makuu hata kama mtu ana mali nyingi.

Mali ilikuwapo. Kaka zake walifanya biashara wakapata utajiri, na miongoni mwa walivyomiliki ni ardhi yenye makaa ya mawe. Wengi wao hawakuacha watoto. Kila mmoja alipofariki, fungu lake likawaangukia waliobaki, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya urithi wa familia nzima ilikuwa mikononi mwa Anna peke yake. Hakuolewa, hakuwa na mrithi wa damu. Alikuwa amefikisha miaka sabini na ushee na alikuwa na mamilioni ya kugawa.

Sasa tuangalie Kusini mwa Marekani wakati huo, maana huko ndiko kisa kinakokwenda. Utumwa ulikuwa umekwisha kisheria tangu 1865, lakini kuanzia miaka ya 1890 majimbo ya Kusini yaliwanyang'anya Weusi haki ya kupiga kura kwa sheria za hila, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, ikahalalisha utengano wa rangi. Mtu asiyepiga kura hana wa kumlilia kuhusu shule. Kodi ya elimu ilikusanywa kwa wote lakini shule za Weusi vijijini ziliambulia makombo. Nyingi hazikuwa hata na jengo lake. Watoto walisomea ndani ya kanisa, muhula ulidumu miezi michache tu kati ya msimu mmoja wa pamba na mwingine, na mwalimu mmoja alifundisha watoto wa rika zote ndani ya chumba kimoja.

Matajiri wa Kaskazini walikuwa wanatoa, tena sana. Ila walitoa kwa taasisi kubwa zenye majina: Hampton kule Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1868, na Tuskegee kule Alabama, iliyoanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1881. Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, peke yake aliipa Tuskegee dola 600,000 mwaka 1903. Taasisi hizo zilikuwa na jukwaa la kupokelea wageni, kwaya ya kuwaimbia na picha za kuwatumia baadaye. Shule ya chumba kimoja iliyo ndani ya mashamba ya pamba haikuwa na chochote cha kumwonyesha mgeni, na hakuna mgeni aliyefika.

Yaliyotokea

Washington na Hollis Frissell, mkuu wa Hampton, walikuwa wanazunguka Kaskazini kila mwaka kuomba fedha, na katika mzunguko huo walimfikia Bi. Jeanes. Walikwenda wakiwa na taasisi zao akilini. Yeye aliwaelekeza kwingine: wengine wameshazisaidia shule kubwa, yeye anataka kuzisaidia zile ndogo za vijijini.

Mwaka 1905 alitoa dola 200,000 kwa ajili ya shule hizo, zikapitia Bodi Kuu ya Elimu, taasisi iliyoanzishwa kwa fedha za Rockefeller, tajiri wa mafuta. Naichukulia hatua hii kuwa ya majaribio, hata kama yeye hakuiita hivyo. Miaka miwili baadaye, Aprili 1907, hakupitia tena kwenye bodi ile. Alitia saini hati ya kuwakabidhi Washington na Frissell kwa majina yao dola milioni 1, ziwe wakfu. Mtaji usiguswe, faida yake itumike kusaidia shule za mwanzo za Weusi vijijini Kusini, na wao wawili wachague wadhamini wa kuusimamia.

Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Septemba 1907, alifariki. Hakuona hata senti moja ya wakfu ule ikifanya kazi.

Wosia wake uliposomwa, magazeti hayakushughulika sana na shule za vijijini. Yalishughulika na kipengele kingine kabisa. Alikuwa amekiachia Chuo cha Swarthmore, cha Marafiki wenzake, ardhi yenye makaa ya mawe na haki za madini, kwa sharti kwamba chuo kiache moja kwa moja mashindano ya michezo na vyuo vingine. Thamani ya ardhi hiyo ilikisiwa kwa mamilioni. Chuo kilijadili kwa miezi, wahitimu wakaandika barua, na mwaka 1908 bodi ikakataa zawadi. Weka kipengele hiki akilini. Tutakirudia, maana mkono ulioandika sharti la Swarthmore ndio ulioandika hati ya 1907.

Wadhamini wa wakfu walipatikana. Kulikuwa na majina makubwa ya Wazungu: Carnegie, na William Howard Taft aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1909. Kulikuwa pia na Wamarekani Weusi mezani kama wajumbe kamili, akiwamo Washington mwenyewe, Robert Moton wa Hampton na James Napier, mwanabenki wa Nashville. Ukumbuke miaka hiyo. Septemba 1906, mwaka mmoja tu kabla, makundi ya Wazungu yalikuwa yamewaua Weusi mitaani Atlanta. Kuketisha Weusi kwenye bodi inayogawa fedha, nao wakipiga kura sawa na Carnegie, halikuwa jambo la kawaida Marekani.

Mwaka 1908 wadhamini wakampa uongozi James Hardy Dillard, profesa wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, Mzungu wa Kusini. Alikuwa na faida ya mtaji, lengo lililoandikwa kwa sentensi chache, na hakuwa na mpango wowote wa utekelezaji. Bi. Jeanes hakuwa ameacha mpango.

Mpango ulitoka Virginia, kaunti ya Henrico, kwa mwalimu mmoja wa chumba kimoja.

Virginia Randolph alikuwa binti wa watu waliozaliwa utumwani. Alianza kufundisha shule ya Mountain Road mwaka 1892, katika kibanda kilichokuwa kwenye uwanja wa udongo mtupu unaogeuka tope mvua ikinyesha. Alinunua changarawe kwa pesa zake akamwaga njiani, akapaka kuta chokaa, akapanda nyasi na maua. Ndani, pamoja na kusoma na hesabu, alifundisha kushona, kupika, kusuka vikapu. Wazazi wakakasirika. Baadhi yao walitaka aondolewe, wakisema hawakuwapeleka watoto shuleni kujifunza kazi walizokuwa wakizifanya wenyewe kwa mabwana. Hasira hiyo ilikuwa na haki yake, na tutaikuta tena mbele. Randolph hakuondoka wala hakuwadharau. Alikwenda nyumba kwa nyumba, Jumapili akaingia makanisani mwao, akaanzisha vikundi vya akina mama, mpaka shule ikawa yao.

Jackson Davis, mkuu mpya wa elimu wa kaunti, alizitembelea shule zake moja baada ya nyingine akaona tofauti ya Mountain Road na zilizobaki. Akawaza kwamba mwalimu huyu angeweza kuwazungukia wenzake. Kaunti haikuwa tayari kulipa. Davis akamwandikia Dillard. Tarehe 26 Oktoba 1908 Randolph akateuliwa kuwa mwalimu msimamizi, mshahara dola 40 kwa mwezi kutoka wakfu wa Jeanes, shule 23 za kuzungukia.

Ripoti yake ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya mambo ya kushikika: shule hii imepakwa chokaa, ile imejengewa ukumbi wa mbele, huku kumeanzishwa kikundi cha wazazi, kule michango imefika kiasi fulani. Dillard aliisoma akaona amepata alichokuwa anakitafuta. Akaichapisha na kuisambaza kwa wakuu wa elimu kote Kusini. Katika mwaka wa shule wa 1909 hadi 1910 walimu wa aina hiyo walikuwa 129, katika majimbo 13. Wengi wao walikuwa wanawake. Watu wakawaita walimu wa Jeanes.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwangu mimi ndio mzito kuliko yote, ni ule wa kulifunga lengo na kuiacha njia wazi. Hati ya 1907 ilisema shule za nani na za aina gani. Haikusema zijengwe, zifundishe nini, wala walimu wawe wa namna gani. Ukilinganisha na sharti la Swarthmore unaona kinyume chake: pale alichagua njia kwa niaba ya watu wengine. Huenda kulikuwa na sababu ya tofauti hiyo. Swarthmore alikuwa anaifahamu, ni nyumbani kwa watu wake, na alikuwa na maoni kuhusu michezo kama alivyokuwa na maoni kuhusu mambo mengi. Kusini hakukujua, na alijua kwamba hakujui. Ni wachache wenye fedha wanaoweza kufanya hivyo.

Wa pili ni kuwakabidhi watu aliowataja, mmoja wao Mweusi, badala ya kuendelea na bodi ya 1905. Bodi Kuu ya Elimu ilikuwa na fedha nyingi zaidi na wataalamu zaidi, lakini ilikuwa ya Wazungu, na siasa yake ilikuwa kutowaudhi wakuu wa Kusini. Kumpa Washington kalamu ya kuchagua wadhamini kulibadilisha watakaokaa mezani.

Wa tatu si wake, ni wa Dillard: kulipa watu badala ya kujenga. Hesabu yake tunaweza kuifanya sasa hivi. Milioni moja kwa faida ya asilimia 4 au 5 inazaa dola 40,000 hadi 50,000 kwa mwaka. Zikiingia kwenye majengo, unapata shule kadhaa nzuri kila mwaka na sherehe ya kuzifungua. Zikiingia kwenye mishahara ya dola 40 kwa mwezi, hata ukilipa miezi yote 12 ni dola 480 kwa mtu, basi una watu takriban mia moja, kila mmoja akizungukia shule ishirini au zaidi. Na kila mmoja wao anajua namna ya kuwachangisha wazazi, jambo ambalo jengo haliwezi.

Wa nne ulikuwa wa kisiasa. Kila mwalimu wa Jeanes aliteuliwa na mkuu wa elimu wa kaunti, yaani Mzungu, na alikuwa mtumishi wa kaunti. Dillard alifanya hivyo ili kaunti zisiuone wakfu kama wageni wa Kaskazini wanaokuja kuchochea watu, na ili polepole kaunti zenyewe zianze kulipa sehemu ya mshahara. Ulikuwa ufunguo uliofungua milango, na gharama yake tutaihesabu.

Matokeo

Kazi hiyo ilidumu miaka sitini, hadi 1968. Ndani ya muda huo wanawake wa Jeanes walifanya mambo ambayo hakuna hati yoyote ingeweza kuyaorodhesha. Waliendesha semina za walimu. Walichangisha fedha za kurefusha muhula kwa mwezi mmoja au miwili, kaunti ilipokataa. Walifundisha kuhifadhi matunda kwenye chupa, walifuatilia chanjo na usafi, walibeba vitabu kutoka shule moja hadi nyingine kwa gari la farasi, baadaye kwa gari la moto na kwa gari lao wenyewe. Msemo wao wa kazi ulikuwa kwamba mwalimu wa Jeanes hufanya kile kinachohitajika kinachofuata.

Julius Rosenwald, mfanyabiashara tajiri wa Chicago, alipoanza kuchangia ujenzi wa shule za Weusi, sharti lake lilikuwa kwamba jamii nayo ichange na serikali ya mahali iweke fungu lake. Aliyezunguka kijijini kukusanya senti hizo, mara nyingi, alikuwa mwalimu wa Jeanes. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1932 shule zilikuwa zinakaribia 5,000, na mchango wa Weusi wenyewe, kwa jasho na kwa senti, ulizidi kidogo ule wa mfuko wa Rosenwald. Majengo hayo yana jina la mwanamume mmoja. Nguvu iliyoyasimamisha ilikuwa ya watu wengi, na walioipanga kwa sehemu kubwa ni wanawake waliolipwa na faida ya ile milioni.

Mwaka 1937 wakfu uliunganishwa na mifuko mingine, ukiwamo mdogo uliokuwa na jina la Virginia Randolph, ikazaliwa taasisi moja ya elimu ya Kusini ambayo ipo hadi leo. Randolph mwenyewe alifundisha na kusimamia hadi uzeeni, akafariki 1958. Miti 12 ya kivuli aliyoipanda na wanafunzi wake mwaka 1908, akaipa majina ya mitume 12 wa Yesu, baadhi yake bado imesimama.

Fungu jingine la mali ya Bi. Jeanes liliwekwa kwa ajili ya hospitali, nayo ikafunguliwa Philadelphia mwaka 1928, miaka 21 baada ya kifo chake. Ardhi ya makaa haikwenda Swarthmore, na michezo ikaendelea.

Jina linasafiri hadi Kabete

Mwaka 1924 tume ya elimu iliyofadhiliwa na mfuko wa Phelps-Stokes, ambao nao ulitokana na wosia wa mwanamke wa New York, Caroline Phelps Stokes, ilizunguka Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar. Mwenyekiti alikuwa Thomas Jesse Jones. Walikuwamo James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), Dillard yule yule wa wakfu wa Jeanes, na Mskoti kijana aliyekuwa katibu, James Dougall. Walikuja na wazo kwamba njia ya Kusini mwa Marekani inafaa huku.

Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, kwa msaada wa Shirika la Carnegie, na Dougall akawa mkuu wake wa kwanza. Walimu waliokuwa kazini katika shule za misheni waliletwa pamoja na wake zao na watoto, wakaishi katika nyumba za mfano. Mume alijifunza usimamizi wa shule, kilimo na afya. Mke alijifunza malezi, ushonaji na usafi. Walipomaliza walirudi kuzizungukia shule za vijijini za misheni zao. Mfano huo ukaenea hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia zote mbili (Zambia na Zimbabwe za leo).

Kwa macho ya haraka huo ni mwendelezo. Mimi siuoni hivyo. Kilichosafiri ni jina, ratiba na kilimo cha bustani. Ambacho hakikusafiri ni mambo mawili yaliyoifanya kazi ya Henrico iishi. Kwanza, Kusini wakfu ulikuwa na Weusi kwenye bodi; Kabete ilikuwa chini ya serikali ya mkoloni na wamisheni, na Mwafrika hakuwa na kura popote katika uamuzi. Pili, Randolph alianza na jamii yake kisha fedha zikamfuata. Kabete mpango ulitangulia, watu wakatafutwa wa kuujaza.

Na ile hasira ya wazazi wa Henrico ikajitokeza Kikuyuni, kwa nguvu zaidi. Wazazi walitaka Kiingereza na vitabu, elimu ile ile aliyopewa mtoto wa Mzungu. Waliona kwamba elimu ya jembe na ufundi, ikitoka kwa mtu aliyechukua shamba lako, ni namna ya kukuandaa uwe kibarua kwenye shamba hilo. W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alikuwa ameshaishambulia ripoti ya Jones ya 1917 kuhusu shule za Weusi Marekani kwa hoja ya namna hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, mgogoro wa tohara ya wasichana na misheni ulipochacha, Wakikuyu wakaanzisha shule zao huru, wakazijenga kwa michango yao. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Koinange alikuwa amesoma Hampton, ile ile ya Frissell. Alikwenda kwenye chemchemi ya mawazo yaliyoijenga Kabete, akarudi akajenga kitu tofauti nayo. Serikali ilikifunga mwaka 1952, mwanzoni mwa Hali ya Hatari.

Shule ya Kabete baadaye iligeukia mafunzo ya maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 mahali pale pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, ambayo leo ni Shule ya Serikali ya Kenya. Maofisa wengi wa serikali wamepita hapo bila kulisikia jina la Jeanes.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ulinganifu ulio wazi ni wa zawadi mbili za mtu mmoja. Swarthmore alitoa mali nyingi na kuamua njia. Wapokeaji, waliokuwa na nguvu ya kusema hapana, wakasema hapana. Kusini alitoa lengo na akaacha njia. Mwalimu wa kijijini ambaye hakuwahi kukutana naye akaijaza nafasi hiyo. Sijui kisa kingine kinachoonyesha tofauti hii kwa uwazi namna hiyo, maana mtoaji ni yule yule, mwaka ule ule, kwa mali ile ile.

Hata hivyo uwazi wa njia peke yake usingetosha. Ulihitaji mtu kama Davis wa kuona, na mtu kama Dillard wa kuitambua kazi nzuri ya mwingine na kuieneza bila kuigeuza yake. Dillard angeweza kuandika mwongozo wake kutoka New Orleans. Aliichapa ripoti ya Randolph. Wanaosimamia miradi wajiulize mara ya mwisho walichapa ripoti ya mwalimu wa kijijini ilikuwa lini.

Wakfu nao ulisaidia. Mila ya pwani yetu inaujua vizuri: shamba la minazi linalowekwa wakfu kwa msikiti halikatwi miti, huliwa nazi. Mtaji usioguswa ulimpa Dillard muda wa kusubiri mpango sahihi. Mradi wa miaka mitatu wenye fedha za kumaliza kabla ya mwisho wa mwaka usingeweza kumsubiri Randolph.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Wakfu haukugusa chanzo cha umaskini wa shule zile. Kaunti ziliendelea kutumia kodi ya wote kwa watoto wa Wazungu, na kadiri walimu wa Jeanes walivyofanikiwa kuchangisha, ndivyo kaunti zilivyopata kisingizio cha kutolipa. Weusi walilipia shule mara mbili, kwa kodi na kwa mchango. Sidhani kama milioni moja ingeweza kulivunja hilo, lakini ni sharti lihesabiwe, hasa na sisi wa nchi za harambee. Mzazi anayechanga darasa kila mwaka ana haki ya kuuliza kodi yake iko wapi, na mradi mzuri wa kuchangisha unaweza kumsahaulisha swali hilo.

Uteuzi kupitia kwa mkuu wa kaunti ulifungua milango, nao ulimweka mwalimu wa Jeanes mahali ambapo kila neno lake lilipimwa. Alilazimika kuomba kwa upole alichostahili kupewa. Wengi walikuwa hodari wa kuyafanya yote mawili: ripoti kwa mkuu ilizungumzia vikapu na bustani, ilhali darasani watoto walifundishwa kusoma, kuandika na kujua historia yao. Ustadi huo ni wao. Haupaswi kuhesabiwa kuwa sifa ya mpango uliowalazimisha kuwa nao.

Na mpango haukuwa na jibu la siku utengano utakapovunjwa. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1954 kwamba shule za kutenganisha rangi ni kinyume cha katiba. Shule zilipoanza kuunganishwa kwa kweli, katika miaka ya 1960, kaunti nyingi zilikuwa na msimamizi Mzungu tayari, na hazikuona sababu ya kuwa na wa pili. Shule za Weusi zilifungwa, wakuu wake wakashushwa vyeo, na mwaka 1968 nafasi ya mwalimu wa Jeanes ikafutwa. Wanawake waliokuwa na uzoefu mkubwa wa kuzifufua shule maskini hawakuulizwa chochote kuhusu namna ya kuunganisha shule. Walikuwa watumishi wa kaunti, na kaunti ndiyo iliyoamua.